Neno Asilolitaja Mama

Dar es Salaam,
11 Februari 2024

Shangazi Specioza,

Shikamoo. Mimi mzima. Kikohozi kimeniacha, sasa limebaki joto la huku kunisumbua. Nisalimie wote wa hapo Kawajense, hasa Mama Doto aliyeniletea karanga siku naondoka. Mwambie ziliisha wiki ileile. Mama naongea naye kwenye simu lakini haitoshi, mshike mkono kwa niaba yangu.

Nakuandikia barua kama zamani kwa sababu mbili. Kwanza, karatasi hizi zilizomo kwenye bahasha zinasafiri kwa basi, na barua nayo ipate lifti. Pili, siku hizi simu unaisikia kwa spika tu. Nikizungumza na wewe nazungumza na nyumba nzima, mpaka mpita njia anaitikia salamu.

Shangazi, naomba unisaidie kazi ya chuo. Nasoma namna maneno yalivyokaa kichwani mwa mtu. Hayakukaa kwa mstari kama kwenye kamusi. Moja linashikana na jingine. Ukimwambia mtu "jembe" anasikia shamba, ukimwambia "shamba" anasikia mahindi, au nyani. Tunakusanya mishikano hiyo, kompyuta inachora nukta na mistari, na mchoro huo tunauita mtandao. Fikiria mkoa wetu. Maneno ni vijiji, mistari ni njia. Kuna neno lililo kama Mpanda mjini, kila anayesafiri analipitia. Kuna jingine liko kama Mwese, lina njia moja mbaya ya milimani. Njia hiyo ikikatika kijiji hakijafa, watu wake wapo, ila hufiki. Mzee akikwama na neno mdomoni, mara nyingi neno lipo, kilichokatika ni njia.

Nahitaji wazee thelathini wa kuanzia miaka sitini, wa hapo mjini na wa Magamba. Unamsomea mtu neno, anakutajia matatu ya kwanza yanayomjia, unaandika vilevile alivyosema. Maneno yapo sitini. Kisha mwezi wa kumi unawarudia walewale, tuone nini kimebadilika. Usiniandikie majina, namba tu, daftari la majina likae kwako. Na tafadhali usisahihishe mtu. Najua naongea na nani.

Jambo la mwisho. Ndugu zangu wasiwemo. Ni sheria ya chuo, mtafiti hachunguzi watu wa nyumbani kwake.

Mtoto wako,
Matilda

*

Kawajense, Mpanda,
24 Machi 2024

Mwanangu Matilda,

Marahaba. Salamu zako nimezigawa zote, hata zile za karanga. Mama Doto anasema zimeisha haraka kwa kuwa huko mjini hamli ugali mkashiba. Sisi hatujambo. Goti langu linalalamika asubuhi, sikio la kushoto limegoma kabisa, na mchwa wamekula mlango wa stoo. Mahindi yamesimama vizuri, mvua ikituvusha mpaka mwisho wa Aprili tutakula. Mama yako yupo, anapalilia maharage yake nyuma ya nyumba na hataki msaada wa mtu.

Kazi yako imeniaibisha mbele za watu. Nilikwenda Magamba, nikajitambulisha kwa mwenyekiti kwamba nimekuja kwa utafiti wa mtandao. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kesho yake nakuta watu kama arobaini, simu mkononi, wananisubiri. "Mwalimu, mnara mnauweka upande gani? Nyie mkiupeleka kule bondeni sisi huku tutabaki vilevile!" Nilipowaambia mtandao wenyewe uko kichwani mwao, nusu wakaondoka wananuna. Mzee Amosi, yule fundi baiskeli, akabaki. Akasema kama mtandao uko kichwani, basi wa kwake una alama moja na unashika akipanda juu ya kichuguu.

Lakini nimeipenda kazi hii, nisikufiche. Nilimwambia bibi mmoja "shule," akajibu, "Viboko, viboko, viboko." Nikamweleza kwamba maneno yawe matatu tofauti. Akasema ni tofauti, kila mwaka ulikuwa na vyake.

Nakiri kosa. Fomu kumi za kwanza nilizipiga tiki na mkasi kwa kalamu nyekundu kabla sijashtuka. Miaka thelathini na minne ya chaki haitoki mkononi kwa siku moja. Zisome hivyohivyo, wino mwekundu hauna maana.

Wamepatikana wote. Majina yako kwenye daftari, daftari liko sandukuni, ufunguo ninao mimi. Karatasi yako ya kutunza siri nimeitia sahihi, na sahihi yangu haijawahi kuchezewa. Hata ukija kunipigia magoti sikwambii nani ni nani.

Soma kwa bidii, kula vizuri.

Shangazi yako,
Specioza

*

Dar es Salaam,
21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru, fomu zimefika zote na hazikulowa. Msimamizi wangu amecheka tiki zako mpaka akavua miwani. Poleni na mchwa. Mimi naendelea vizuri, ila tangu Alhamisi silali sawasawa, na sababu ni fomu yako mojawapo.

Ni namba kumi na nne. Kwa wazee wote uliowahoji, neno "mvua" ndilo Mpanda mjini. Njia zote zinapita pale: mahindi, njaa, barabara, harusi, hata shule, maana watoto hawavuki mto. Kwa namba kumi na nne pale pana shimo. Uliposoma "mvua," umeandika hivi kwa mkono wako: "Amenyamaza. Amecheka. Amesema tuendelee." Kwenye "wingu" amejibu, "yale, juu, yanakuja." Kwenye "mwavuli" amejibu, "kile, cha kujikinga, na yale." Kwenye "jembe" ameanza vizuri, shamba, mahindi, halafu, "yakishuka." Nini kinashuka? Kila anapokaribia pale anageuza njia.

Nilimwonyesha msimamizi. Akaniambia kwamba kwa wazee ambao kumbukumbu inaanza kuondoka, majina ya vitu ndiyo hutangulia, halafu "kile" na "yale" yanakuja kukaa mahali pake. Hakusema ni ugonjwa. Alisema tu tusilipuuze.

Siulizi ni nani. Najua kiapo chako. Nakuomba tu mtu huyo apelekwe kwa daktari mapema. Fomu inasema ni mwanamke, miaka sitini na mitatu. Wanawake wa miaka sitini na mitatu ni wengi hapo Mpanda, najua hilo. Mama naye ana sitini na mitatu.

Nijibu haraka shangazi.

Matilda

*

Dar es Salaam,
26 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo.

Wiki ya tano hii na sijapata jibu. Kwa wakala wa basi nimeuliza mara mbili, mpaka yule dada ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. Nilipopiga simu Jumapili ulisema "kazi inaendelea" kwa ile sauti yako ya paredi ya asubuhi, kisha ukampa mama. Mama akaniuliza mtihani ni lini. Nikamwambia, Septemba. Tukaongea ya maharage, ya kanisani, ya Mama Doto. Halafu akaniuliza mtihani ni lini.

Pengine hakusikia. Spika yako mbovu.

Niandikie hata mistari miwili. Ukiona huwezi kuvunja kiapo, andika tu kwamba namba kumi na nne si mtu wa nyumbani kwetu, nitakuamini na nitanyamaza.

Mtoto wako,
Matilda

*

Kawajense,
16 Juni 2024

Mwanangu Matilda,

Marahaba na nisamehe. Barua hii nimeianza mara tatu. Hapa kwetu salama. Tumevuna, si haba. Mchwa nimewamwagia majivu na mafuta taa. Baridi ya asubuhi imeanza, mama yako anavaa lile sweta lako la shule la kijani na limemkaa kuliko lilivyokukaa wewe.

Haya. Namba kumi na nne ni mama yako.

Usitupe barua, soma mbele. Nilikosa sheria, najua. Mzee Amosi aliniacha njiani akaenda Mwese kwenye msiba, nikabaki na pengo la mtu mmoja, na wifi alikuwa amekaa hapo mbele yangu anachambua mboga. Nikamwandika. Lakini hiyo kompyuta yako ni mgeni, mwanangu. Imeingia nyumba ya watu bila kuuliza mila zao, ikakuta mlango umefungwa ikadhani nyumba imebomoka.

Babu yako unamjua kwa jina la Yohani. Hilo ni la ubatizo, ndilo lililoandikwa kwenye vyeti vyenu. Jina alilopewa na mama yake ni Mbula, maana alizaliwa siku ya mvua kubwa, na mbula kwa Kikonongo ni mvua. Kwa ukoo wetu mke hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji, wala hatamki neno linalolingana nalo, liwe kwa kilugha au kwa Kiswahili. Mama yako alikuja kutoka kwao Ufipa mwaka themanini na mbili, akakalishwa na bibi yako, akaambiwa mara moja tu. Tangu siku hiyo hajalitaja. Wanawake wengine wanalegeza mzee akishafariki. Yeye hapana. Na sisi kwa kumheshimu hatukulitaja lile la Mbula mbele yake, ndiyo maana nyie watoto hamkulisikia.

Mtazame kanisani. Wimbo ukifika penye lile neno anafunga mdomo, anangoja lipite, anaingia tena na wenzake. Mwaka wa tisini na nane, zile mvua kubwa zilipoangusha ukuta wa jiko, alikuja kwangu mbio analia, "Wifi, baba kaangusha jiko!" Nikashika kichwa. Baba alikuwa na miaka minne kaburini.

Kwa hiyo hilo shimo lako si ugonjwa. Ni adabu. Mwambie msimamizi wako mtandao wa wifi yangu uko salama, na wewe ulale.

Shangazi yako,
Specioza

*

Dar es Salaam,
7 Julai 2024

Shangazi wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena, na nyingine ya kesho. Nimesoma barua yako nimesimama kwa wakala, nikacheka "baba kaangusha jiko" mpaka machozi, halafu machozi yakabaki yenyewe. Yule dada wa tiketi akanipa kiti.

Nimekumbuka kila kitu! "Anueni nguo, yanakuja." Yapi? Sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni mazoea ya mama tu, kama mtu anayeita sukari "ile kitu." Miaka ishirini na saba nimeishi na neno lililofungwa mlango na sikuuona mlango.

Kwa msimamizi nimekiri kwamba namba kumi na nne ni mama yangu. Alinikemea, na ni haki yake. Mama hatahesabiwa na wengine. Lakini nilipomweleza habari ya jina la mkwe aliinuka kwenye kiti. Anasema watu wanapima vichwa vya wazee kwa mashine hizi dunia nzima, na heshima inaweza kusomeka kama maradhi, tena hakuna anayejua kwa sababu hakuna anayeuliza. Anataka niandike sura nzima juu ya shimo lile, kama mama mwenyewe atakubali. Muulize kwa upole. Awamu ya pili tutaonyesha kwamba shimo liko palepale, na kingo zake ni zilezile, maana linalindwa na mtu mwenye akili timamu.

Jambo dogo. Umesema Mzee Amosi alikuacha, ndiyo ukamweka mama. Nimehesabu tena. Fomu ulizonitumia ni thelathini na moja. Na kati yao yuko mzee mmoja ambaye kila baada ya maneno mawili anajibu "pancha" au "spoku." Sidhani Mpanda kuna wazee wengi wa namna hiyo. Basi pengo ulilolijaza lilikuwa lipi?

Natania. Pengine ulichanganya. Lakini ukipata nafasi nijibu.

Mtoto wako mwenye furaha,
Matilda

*

Kawajense,
17 Novemba 2024

Matilda,

Marahaba. Hapa tupo. Hongera kwa mtihani.

Samahani kwa kuchelewa, ulitaka mwezi wa kumi na umepita. Wazee wawili wamefariki, Mungu awapumzishe, mmoja amehamia kwa mwanawe Tabora. Waliobaki nimewarudia wote, maneno yaleyale sitini. Mama yako alikubali uandike habari zake. Alisema, "Mtoto akitaka kuniandika aniandike, mimi si nipo?"

Namba kumi na nne imo. Nimeandika neno kwa neno kama ulivyonifundisha. Sikusahihisha popote. Iangalie mwenyewe.

Shangazi

*

Dar es Salaam,
1 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za huku leo, nisamehe.

Nimeiangalia. Kompyuta imechora na msimamizi ameuona mchoro kabla yangu, akanipigia simu kwa furaha. Shimo limezibika. Pale palipokuwa wazi sasa pana nukta kubwa na njia tisa. Wingu limekwenda mvua, jembe limekwenda mvua, mwavuli umekwenda mvua. Kwa kipimo chetu, mtandao wa mama umekuwa mzima kuliko mwezi wa tatu. Msimamizi anasema pengine mila imelegea, baba mkwe alishafariki, na baba naye ametangulia, mjane ameamua kujitoa kifungoni. Anasema hili nalo ni tokeo zuri.

Halafu nikasoma fomu yenyewe, kwa mwandiko wako. Neno: mvua. Jibu: "Mvua, Mbula, mahindi."

Ametaja neno na ametaja jina. Kwa pumzi moja.

Shangazi, wewe ulikuwa umekaa naye. Aliziba mdomo? Alicheka? Alisema lolote baada ya hapo? Niambie ameamua. Niambie alikwambia, "Wifi, miaka arobaini na miwili inatosha, nimechoka." Ningefurahi mno, Mungu anaona. Lakini kama angekuwa ameamua usingeniandikia barua fupi vile. Wewe barua yako huwa na mchwa, na goti, na Mama Doto. Ile haikuwa na mtu ndani.

Naogopa. Naogopa hata kupiga simu kwa sababu nitaanza kumhesabia maneno mama yangu mwenyewe. Tafadhali usinilinde. Mimi si mtoto.

Matilda

*

Kawajense,
12 Desemba 2024

Mwanangu Matilda,

Marahaba. Goti linauma, Mama Doto anakusalimia, mlango wa stoo nimeweka wa bati. Hao ndio watu wa barua yangu, nimewarudisha kwa kuwa umewauliza.

Hakuamua, mwanangu.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi, tumekaa kibarazani tunachambua maharage ya mbegu. Nilikuwa namsomea maneno taratibu. Lile nililiruka makusudi, nikaliweka la mwisho, na nilipolifikia nikalisoma kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba radhi. Nilitegemea anyamaze na kucheka. Akajibu papo hapo, vile ulivyosoma. Mkono wake haukuacha kuchambua.

Nikamuuliza, "Wifi, Mbula ni nani?"

Akanitazama kama mimi ndiye ninayeanza kuchanganyikiwa. "Si mvua? Kwa kilugha chenu nyie."

"Na baba yangu mimi, mkweo, alikuwa anaitwa nani?"

Akafikiri. "Mzee Yohani. Alikuwa mkali kwa habari ya chumvi. Chumvi ikizidi hali." Akacheka, kisha akatupa punje moja iliyotobolewa.

Baba anamkumbuka, mpaka chumvi yake. Mvua anaijua. Kilichokatika ni kule kujua kwamba hao wawili ni mmoja. Mimi ni mtoto wa yule mzee, jina lake nimelitaja maisha yangu yote bila kuliwaza. Yeye alikuja kutoka kwa watu wengine akalibeba miaka arobaini na miwili kwa heshima kuliko sisi tuliozaliwa nalo, na siku lilipomponyoka hakujua kwamba ameangusha kitu.

Sasa niseme lile ulilouliza mwezi wa saba. Hakukuwa na pengo. Mzee Amosi hakwenda Mwese wala wapi, alinijibia maneno yote sitini na akataka mengine. Mama yako nilimwongeza makusudi. Nilianza kuona tangu mwaka jana mwezi wa tisa. Alikwenda bombani mara mbili siku moja akarudi bila ndoo. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Siku moja alitenga sahani ya baba yako Hilari mezani, naye ana miaka mitatu kaburini. Niliona na nikanyamaza, nikasema ni uzee, nikasema ni majonzi. Barua yako ilipokuja na karatasi zile nikaona hii mashine haimjui wifi wala haimwonei haya. Iseme yenyewe, ili nisiseme mimi.

Nayo ikasema, ila ikanyoosha kidole mahali pasipo. Ikaogopea mahali ambapo mama yako alikuwa mzima kuliko popote. Mwanangu, nilifurahi! Ile habari ya mkwe ilikuwa kweli tupu, kila neno, ndiyo maana ilinifaa kujifichia. Nilikuandikia ulale, na mimi nikalala. Ndoo na sahani sikuzitaja. Nimefundisha watoto elfu na ushee wasidanganye kwa kunyamaza. Nisamehe.

Jumatatu nimempeleka hospitali. Daktari ni msichana mpole, alimwuliza siku na mwaka, mwaka ukamshinda. Ametuandikia barua ya kwenda kwa mabingwa Mbeya mwezi wa kwanza. Hakutupa ahadi. Mama yako aliposikia Mbeya alifurahi, anadhani tunakwenda harusini na ameshanitajia kitenge atakachovaa.

Ila kuna jambo linaniuma kuliko yote na siwezi kumwambia daktari. Ndugu wa Magamba wanakuja hapa kila Jumapili baada ya misa. Wakimsikia anatamka jina la mzee wazi namna ile hawatasema anaumwa. Watasema amekosa adabu, mjane ametupanda kichwani sasa mume hayupo. Na adabu ndiyo kitu alichotuzidi sisi wote. Kwa hiyo wingu likijikusanya nawahi mimi kusema, "Wifi, yale yanakuja, tuanue," kabla hajafungua mdomo. Wakati mwingine ananifuata, anasema "yale" kama zamani. Wakati mwingine ananiuliza, "Yapi?"

Mimi sasa nalikwepa lile neno hata nikiwa peke yangu. Juzi sokoni muuza mbegu aliniuliza kama imenyesha kwetu, nikamjibu, "Yameshuka kidogo." Akaniuliza nimeolewa ukoo gani.

Sura yako iandike. Andika kwamba mwezi wa tatu kulikuwa na shimo na mama yako alikuwa nyumbani, na mwezi wa kumi na moja shimo limezibika na yeye ameanza kutoka. Mwambie msimamizi wako asifurahi tena bila kuuliza.

Kisha njoo. Usingoje Krismasi iishe, panda basi la kupitia Tabora, nitakupokea stendi. Usije na karatasi. Na tukifika nyumbani, mwanangu, usisimame mlangoni kungoja akutambue. Taja jina lako kwanza, halafu ndipo umwamkie.

Shangazi yako,
Specioza